Daka la Nyumba Ndogo: Msamiati wa Mlangoni na Mpango wa Vitu katika Makazi ya Waswahili

1.0 Utangulizi



Wataalamu wa msamiati wamezoea kupima utajiri wa lugha kwa kuhesabu maneno yake ya mambo makubwa: dini, utawala, biashara, ushairi na, katika miaka ya karibuni, sayansi na teknolojia. Mhadhara huu unachagua njia nyingine. Unatazama eneo dogo kuliko yote katika makazi ya binadamu, nalo ni ile nafasi iliyopo baina ya kizingiti cha mlango na hatua ya pili au ya tatu ndani ya nyumba. Hapo ndipo mtu anapovua viatu, anapoangika mwavuli uliolowa, anapotua kikapu cha sokoni na anapoweka funguo ambazo kesho alfajiri atazitafuta kwa haraka.

Swali linaloulizwa ni jepesi kwa sura yake. Je, Kiswahili kinaiitaje nafasi hiyo? Na jina hilo, kama lipo, lina faida gani kwa mtu anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga, ambaye mlango wake unafungukia moja kwa moja kitandani?

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba Kiswahili kina msamiati mpana wa mlangoni, lakini sehemu kubwa ya msamiati huo imehama nyumbani na kwenda kutumika katika mambo ya umma. Nafasi yenyewe imebaki, inatumiwa kila siku na mamilioni ya watu, ila haina jina linalojulikana na wote. Kitu kisicho na jina ni vigumu kukidai kwa fundi, kukifundisha kwa mtoto, na kukitengea mahali katika ramani ya nyumba. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba neno la zamani la Pwani, *daka*, pamoja na mwenzake *kidaka*, yarudishwe katika matumizi ya kawaida na yapewe kazi katika nyumba ndogo za leo.

2.0 Maneno yaliyohama nyumbani

Safari ya maneno ya mlangoni inaonekana vizuri zaidi katika neno *baraza*. Kwa asili yake ya makazi, baraza ni kikalio cha mawe au udongo kilichojengwa ukutani mbele ya nyumba, chini ya upenu. Wenyeji na wageni waliketi hapo kuzungumza, kuamua mashauri na kupumzika jioni. Kwa kuwa mashauri yaliamuliwa barazani, jina la kikalio likawa jina la watu waliokikalia, kisha likawa jina la chombo cha uamuzi. Leo kuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Hata chombo kilichoundwa kwa sheria mwaka 1967 ili kusimamia Kiswahili nchini Tanzania kinaitwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Chombo chenye mamlaka ya kusanifisha maneno, basi, kimeazima jina lake mlangoni.

*Ukumbi* nao umefuata njia hiyohiyo. Katika kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939, neno hili linaelezwa kwa maana ya chumba cha mbele au sehemu ya kuingilia nyumbani, ambapo wageni hupokewa. Mzungumzaji wa leo anaposikia *ukumbi* hufikiria kwanza jengo kubwa la mikutano au sherehe za harusi, lenye viti vya mamia ya watu. Neno limekua, na kwa kukua huko haliwezi tena kuingia katika nyumba ya vyumba viwili bila kuleta kichekesho.

*Ushoroba*, yaani njia nyembamba ya kupitia ndani ya jengo au baina ya majengo, umepata makazi mapya katika taaluma ya uhifadhi. Shoroba za wanyamapori zinatajwa katika sheria, magazeti na taarifa za habari, ilhali mpangaji wa Kinondoni au Kisauni anayepita katika ushoroba wa nyumba yake kila siku huuita *korido*. *Saraka*, ambayo ni mtoto wa meza, imeingia katika istilahi za kompyuta. Neno *mlango* lenyewe, mbali na maana yake ya kawaida, lilikwisha kupata maana ya ukoo katika miji ya Pwani na maana ya sura ya kitabu katika maandishi. *Kizingiti*, ambacho ni mti au jiwe la chini na la juu la fremu ya mlango, sasa kinasikika zaidi kwa maana ya kikwazo.

Si kusudi la mhadhara huu kuyalaumu mabadiliko hayo. Upanuzi wa maana ni afya ya lugha, na ni fahari kwamba Kiswahili kilipata maneno ya dola na ya kompyuta kutoka katika nyumba zake chenyewe badala ya kuazima yote. Hata hivyo, kila neno linapopanda cheo huacha kiti nyuma yake. Suala ni nani amekalia viti hivyo. Kwa sehemu kubwa, jibu ni *korido*, *stoo*, *shelfu* na *kona*, au hakuna aliyekikalia.

Inafaa kulinganisha hali hii na ile ya nafasi nyingine ya kuwekea vitu, nayo ni *mvungu*. Kiswahili kimeipa jina lake mahususi nafasi iliyo chini ya kitanda, kwa neno moja fupi. Jina hilo limezaa methali inayojulikana na kila mtoto wa shule: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo isingewezekana kama watu wasingekuwa na mazoea ya kuweka vitu chini ya kitanda, wala isingekuwa fupi na kali kiasi hicho kama nafasi hiyo isingekuwa na jina. Nafasi iliyo nyuma ya mlango, ambayo hutumiwa na kaya nyingi kwa ufagio, ndoo, mwavuli na viatu, haina bahati hiyo. Huitwa *nyuma ya mlango*, basi. Hayo ni maelezo ya mahali, na hayajafikia kuwa jina.

3.0 Daka na kidaka: ushahidi wa nyumba ya mawe

Neno linalotafutwa lipo, na makao yake yanajulikana. Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa katika karne ya 18, kama zilivyochunguzwa na msanifu Usam Ghaidan katika kazi yake ya mwaka 1975 kuhusu mji huo, mtu anayeingia kutoka mtaani hufika kwanza *dakani*. Daka ni nafasi iliyochukuliwa kutoka katika unene wa jengo, yenye kivuli na vikalio kila upande. Baada ya daka na mlango mkubwa hufuata *tekani*, ambayo ni kivukio cha ndani kilichopindishwa ili mpita njia asione uani hata mlango ukiwa wazi. Kisha ndipo *kiwanda*, yaani uwanja wa ndani usio na paa, na nyuma yake misana na vyumba, hadi *ndani*, chumba cha faragha kuliko vyote.

Muundo huo una mantiki inayostahili kuangaliwa. Kuingia nyumbani hakukuwa kitendo cha hatua moja. Kulikuwa na daraja za kuingia, na kila daraja ilikuwa na jina, kikalio au ukuta wake. Mgeni aliyepiga hodi alijua amefika wapi, na mwenyeji aliyeitikia karibu alijua amemkaribisha hadi wapi.

Neno la pili ni *kidaka*. Kwa sarufi, uhusiano wake na *daka* ni ule wa udogishaji kwa kiambishi *ki-*, kama *kikapu* kwa *kapu*. Daka ni upenyo mkubwa ambao mtu huweza kusimama na kuketi ndani yake. Kidaka ni upenyo mdogo ukutani, unaotosha kuweka chombo. Katika Kiamu, ambamo wingi wa ngeli hii hutumia *zi-*, upenyo huo huitwa *zidaka*, na ndilo umbo lililopata umaarufu katika maandishi ya wageni, kwa sababu kuta za ndani za nyumba za Lamu zina safu za zidaka zilizopambwa kwa chokaa na kupangwa vyombo vya kaure. Katika Kiswahili Sanifu wingi wake ni *vidaka*. Jirani yake wa karibu ni *shubaka*, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya dirisha, na ambalo katika Kiswahili limekuja kumaanisha tundu au uwazi wa ukutani wa kuwekea vitu. Kutokana nalo kuna *kishubaka*, ambacho ofisini ni kijisanduku cha barua.

Kwa nini wajenzi wale walichimba kuta badala ya kutengeneza makabati? Sababu mojawapo ni ya ufundi. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ulikuwa na ukomo, hivyo upana wa chumba haukuweza kuzidi sana mita 3. Chumba kikawa kirefu na chembamba, na kabati lolote lingekula njia. Kuta, kwa upande mwingine, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kwa unene unaokaribia nusu mita. Mjenzi alikuwa na uhaba wa sakafu na wingi wa ukuta, kwa hiyo alihifadhi vitu ukutani. Hapa pana funzo ambalo halijachakaa: katika nyumba nyembamba, akiba ya nafasi hutafutwa ukutani kabla ya sakafuni.

Haifai, hata hivyo, kuipamba historia hii kupita kiasi. Nyumba ya mawe ilikuwa nyumba ya waungwana. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid ameonyesha katika tafiti zake za Pwani ya Kenya kwamba mpangilio wa nyumba hiyo uliakisi na kuimarisha mpangilio wa watu: nani aishie dakani, nani apite, nani akae ndani, na nani atumike chini. Wapo watakaouliza kama neno lililozaliwa katika utaratibu huo linafaa kukabidhiwa mpangaji wa chumba kimoja. Jibu limo katika historia ya *baraza*. Neno halifungwi na mwenye nyumba ya kwanza. Kumpa mpangaji daka ni kumrudishia kitu ambacho zamani alikiona kwa nje tu.

4.0 Nyumba ya vyumba sita

Kati ya nyumba ya mawe na chumba cha leo kuna hatua moja muhimu isiyopasa kurukwa. Katika karne ya 20, miji ya Afrika Mashariki ilikua kwa nyumba ya aina nyingine, ambayo jijini Dar es Salaam huitwa *nyumba ya Kiswahili*. Ramani yake inajulikana kwa kila aliyepita Kariakoo, Ilala au Magomeni. Mbele kuna baraza. Katikati kuna njia inayotoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani. Kila upande wa njia hiyo kuna vyumba vitatu. Nyuma kuna ua wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Nyumba hiyo ilijengwa kwanza kwa miti na udongo na kuezekwa makuti, kisha kwa matofali ya saruji na bati.

Familia moja ilipokaa nyumba nzima, njia ile ya katikati ilikuwa ukumbi kwa maana ya zamani, mahali pa mkeka na pa kupokea mgeni. Vyumba vilipopangishwa kimoja kimoja, kila mlango wa chumba ukawa mlango wa nyumba, na njia ya katikati ikawa mtaa wa kaya sita. Baraza ikawa ya wote, na mara nyingine ikawa ya biashara. Kizingiti cha kaya kikarudi nyuma hadi kwenye mlango wa chumba, ambapo hapakuwahi kuwa na daka wala baraza. Ndoo, dumu la maji, jiko la mkaa, baiskeli na ndala vikatoka nje kidogo ya mlango na kuikalia korido.

Madhara yake si ya usafi pekee. Njia yenye milango sita na njia mbili tu za kutokea ndiyo njia ya kuokoa maisha moto unapozuka usiku. Kila dumu na kila jiko lililoachwa hapo hupunguza upana wake, na gizani mtu hukumbuka upana wa mchana. Aidha, jiko la mkaa linaloingizwa chumbani likiwa bado na makaa, kwa kuhofia wizi au kwa kukosa pengine pa kuliweka, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini. Mahali pa kuweka vitu mlangoni, kwa hiyo, si anasa ya wenye nyumba kubwa. Kadiri nyumba inavyokuwa ndogo ndivyo haja yake inavyokuwa kubwa.

5.0 Ziko, zipo, zimo: sarufi ya mahali

Kabla ya kupendekeza mpango wa nafasi hiyo, ni vyema kusikiliza sarufi, maana sarufi ya Kiswahili imekwisha kulifikiria jambo hili kwa kina. Mtu anayetafuta funguo huuliza: *Funguo ziko wapi?* Anayejua hujibu kwa namna tatu. Anaweza kusema *ziko mlangoni*, *zipo mlangoni* au *zimo mlangoni*. Kama walivyoeleza wanasarufi, akiwamo E. O. Ashton katika kitabu chake cha mwaka 1944, *-po* hudokeza mahali mahususi, *-ko* hudokeza mahali pasipo dhahiri, na *-mo* hudokeza undani. Hivyo *ziko mlangoni* ni jibu la anayeashiria upande ule. *Zipo mlangoni* ni jibu la anayeonyesha kwa kidole. *Zimo mlangoni* ni jibu la aliyeziona ndani ya kitasa.

Utaratibu huohuo hutawala upatanisho wa ngeli ya PA-KU-MU. Mtu husema *mlangoni pana viatu*, *mlangoni kuna viatu*, au *mlangoni mna viatu*, na kila sentensi hujenga picha yake ya nafasi. Nomino moja yenye kiambishi tamati *-ni* hugawanywa na upatanisho katika sehemu tatu ambazo lugha nyingi hazina njia fupi ya kuzitenganisha.

Kwa kutumia vipande hivi vitatu inawezekana kutoa fasili ya mpangilio wa nyumba ambayo ni sahihi kuliko fasili nyingi za vitabu vya maarifa ya nyumbani. Nyumba isiyopangwa ni ile ambayo vitu vyake *viko*. Nyumba iliyopangwa ni ile ambayo vitu vyake *vipo* au *vimo*. Kazi yote ya kupanga mlangoni ni kukitoa kila kitu katika *-ko* na kukipa *-po* yake ikiwa kinaonekana, au *-mo* yake ikiwa kinafunikwa. Viatu vya kila siku vinataka *-po*. Viatu vya Ijumaa au vya Jumapili vinataka *-mo*.

Ni jambo la kutafakarisha kwamba katika mazungumzo ya miji mingi *-ko* inazidi kuchukua nafasi ya zote tatu. Haitadaiwa hapa kwamba upotevu wa *-po* na *-mo* ndio unaosababisha mrundikano mlangoni. Inatosha kusema kwamba mwalimu wa Kiswahili anayefundisha ngeli ya PA-KU-MU ana mfano wa kuufundishia katika kila nyumba, hata ile ndogo kabisa, na kwamba mfano huo una faida mara mbili.

6.0 Mpangaji na mpangilio

Kuna neno jingine ambalo lugha imeliweka mlangoni kama kwa makusudi. Kitenzi *panga* humaanisha kuweka vitu kwa utaratibu, na pia humaanisha kukaa katika nyumba ya mtu kwa kulipa kodi. Suala la kama hivi ni vitenzi viwili vyenye umbo moja au ni kimoja chenye maana mbili lina uzito wake katika utungaji wa kamusi, na unyambulishaji unasaidia kulijibu. Kauli ya kutendua, *pangua*, hukubali maana ya kwanza tu: mtu hupangua vyombo, lakini hapangui chumba kwa maana ya kukihama. *Mpangilio* nao ni wa vitu, wala hauhusu kodi. Kwa upande mwingine, *pangisha* katika matumizi ya kawaida humwelekea mwenye nyumba. Ushahidi huu unaelekea kuzitenganisha maana hizo mbili katika viingizo vyake.

Hata hivyo, nomino *mpangaji* imebaki njia panda, ikizipokea zote mbili. Anayelipa kodi ni mpangaji. Anayeweka vitu sawasawa ni mpangaji. Mwanakamusi atazitenganisha kwa namba, lakini maisha huzikutanisha. Mpangaji wa kodi hana ruhusa ya kubomoa ukuta, mara nyingi haruhusiwi hata kupigilia msumari bila kumwuliza mwenye nyumba. Kilichobaki mikononi mwake ni ile maana ya pili ya jina lake.

7.0 Daka la nyumba ndogo

Je, daka linaweza kupatikana katika chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho ni kama mita 3 kwa 3? Hesabu inaonyesha kwamba linaweza, kwa sababu nafasi yake tayari imekwisha kulipiwa. Mlango wenye upana wa sentimita 80 unaofungukia ndani hufagia robo duara ya takriban nusu mita ya mraba. Hapo hapawekwi kitanda wala meza. Ni sehemu moja katika kumi na nane ya chumba kizima. Nusu mita hiyo ya mraba, pamoja na kuta zinazopakana nayo na ukuta ulio juu ya mlango, ndilo daka. Sakafu yake ni ya mlango, lakini kuta zake ni za mwenye chumba.

Msamiati wa kuipanga nafasi hiyo upo, na kila neno lina kimo chake. Chini kabisa, kando ya njia ya mlango, ni mahali pa *rafu* ya viatu. Kiatu cha mtu mzima huchukua karibu sentimita 30. Rafu iliyoinamishwa huhitaji kina kidogo zaidi, na yenye ngazi tatu hubeba viatu vya kaya nzima katika upana wa hatua moja. Viatu vilivyolowa hukauka kwanza kabla ya kuingizwa penye mfuniko, la sivyo huota ukungu. Pale ambapo pana nafasi ya kukaa, *kasha* lenye kimo cha sentimita 45 hufanya kazi mbili: juu ni kikalio cha kuvalia viatu, ndani ni akiba. Huyu ni baraza na sanduku katika umbo moja, na wazee wenye maumivu ya magoti ndio wa kwanza kuona faida yake.

Kwenye kimo cha mkono ni mahali pa kidaka. Ukuta wa tofali la inchi 5 au 6 hauwezi kuchimbwa kama ukuta wa matumbawe, wala mpangaji hapaswi kujaribu, ila kijisanduku cha ubao chenye kina cha sentimita 10 kikitungikwa ukutani kinatosha kwa funguo, barua, kitambulisho, tochi na simu. Kinachotofautisha kidaka na meza ni udogo wake: meza hualika kila kitu, kidaka hukataa kisichokihusu.

Kwenye kimo cha kichwa ni mahali pa *chango*. Neno hili, lenye uhusiano na kitenzi *angika*, lilimaanisha vijiti au vigingi vya ukutani vya kutungikia vitu, na linastahili kurudi badala ya maelezo marefu. Ubao mmoja wa mita 1 wenye chango tano hubeba mwavuli, mkoba wa shule, kofia, mtandio na koti la mvua. Ikiwa mwenye nyumba hataki misumari ukutani, ubao huo unaweza kusimamishwa juu ya miguu yake na kuegemezwa. Juu ya mlango, mwisho, ni mahali pa vitu vya msimu, vyepesi na visivyovunjika. *Susu*, yaani chombo cha kamba kinachoning'inizwa kwa ajili ya kuhifadhia vitu, hufaa katika kimo hicho kwa kuwa hakihitaji rafu wala fundi.

Jiko la mkaa halina nafasi katika daka hata likiwa limezimika karibuni. Mahali pake ni nje au uani, na kama pana hofu ya wizi, shauri hilo ni la kaya zote za nyumba, tena ni shauri la barazani. Njia ya mlango nayo haiwekwi kitu chochote, kwa kuwa daka lililojaa hadi kuzuia mlango limeacha kuwa daka.

Katika maelezo haya yote, fundi seremala anaweza kuagizwa kwa maneno mafupi: rafu ya ngazi tatu, kasha la kukalia, kidaka kimoja, ubao wa chango tano. Bila majina hayo, mteja huishia kusema *kile kitu cha kuwekea vitu*. Ni kweli kwamba kauli ya kutendea, *wekea*, ni hazina ya Kiswahili, na huwezesha kukieleza chombo chochote kwa kazi yake. Lakini maelezo ya kazi hayajamaliza kazi ya jina, na fundi aliyepewa maelezo hutengeneza anachokijua.

8.0 Hitimisho

Pendekezo la mhadhara huu linaweza kupimwa kwa vigezo vinavyokubalika katika uundaji wa istilahi. Kwa ufupi, *daka* lina silabi mbili. Kwa unyambulikaji, lina wingi *madaka*, udogo *kidaka* na mahali *dakani*. Kwa asili, ni la Kiswahili cha Pwani na halihitaji kutoholewa. Ipo hoja kwamba linafanana na kitenzi *daka* cha kudaka mpira, na kwamba *kidaka* pia ni jina la nazi ikiwa bado changa kabisa. Hoja hiyo si nzito, maana muktadha na viambishi huzitenganisha maana hizo, kama vinavyotenganisha *kata* ya maji na *kata* ya kichwani. Wala hakuna haja ya kudai kwamba kitenzi na nomino hizo zina mzizi mmoja.

Kamusi za Kiswahili zimefanya kazi kubwa, kuanzia ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yake, pamoja na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya mwaka 2015. Kinachotakiwa sasa ni wanafunzi wa leksikografia kupiga hodi katika vyumba vya kupanga, kama watangulizi wao walivyopiga hodi katika nyumba za mawe, na kuandika majina ambayo wapangaji wenyewe wanayatumia kwa nafasi zao. Huenda wakakuta jina bora kuliko *daka*. Wakilikuta, liingizwe. Jambo lisilokubalika ni kwamba mwanafunzi anayeishi katika chumba kimoja aelekezwe kueleza nyumba kwa Kiswahili sanifu, na lugha imkabidhi sebule, ukumbi na maktaba ambavyo hanavyo, bila kumpa neno hata moja la nafasi anayoikanyaga kila siku.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Walimwonya mgeni asihadaiwe na nakshi za nje, na walikuwa na haki. Lakini walisema hivyo kuhusu nyumba ambazo nyuma ya mlango palikuwa na tekani, kiwanda na misana. Kwa kaya ambayo nyuma ya mlango kuna chumba kimoja tu, hatua mbili za kwanza ni sehemu kubwa ya nyumba, nazo zinastahili mpango, na zinastahili jina.